Yatima wa Wiki Mbili

Mambo haya yalitokea Neemani, nchi ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wasubiri kibali, na nasikia wanasubiri hadi leo. Ni nchi ya amani. Amani yake ni nyingi kiasi kwamba inalindwa na vikosi vinne.

Mwaka huo Neemani ilipatwa na balaa ambalo wataalamu hawakulitazamia: yatima walipungua. Mvua zilinyesha kwa wakati, zahanati zikapata dawa kwa sababu mtu fulani alisahau kuziuza, na akina mama, bila kuishauri serikali, wakaacha kufa. Wakati huohuo makundi arobaini ya wageni kutoka ng'ambo, vijana wenye mioyo safi na kofia pana, walikuwa wamekwishakata tiketi za kuja kujitolea. Kila kundi lingekaa wiki mbili: kuwakumbatia yatima, kuwafundisha nyimbo za kupiga makofi, na kuupaka rangi ukuta wa kituo. Ukuta ulikuwapo. Rangi ilikuwapo. Waliokosekana ni yatima.

Waziri wa Wageni na Watoto, Mheshimiwa Daktari Jenerali Mstaafu Kasimiri Tandika, alilihutubia taifa redioni kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mgeni anatoka mbali, amepanda ndege mbili, huruma imemjaa mpaka hapa." Wasikilizaji hawakuona hapo ni wapi. "Halafu anafika anamkuta mtoto ana mama, ana bibi, na ameshiba! Ile huruma mnataka aipeleke wapi? Arudi nayo kwao? Serikali yenu haitakubali aibu hiyo, wala haitalala."

Serikali haikulala. Kesho yake ukatoka Waraka Namba Kumi na Tisa, ulioanzisha cheo kipya nchini: yatima wa muda. Kila kata ilitakiwa kutoa kumi na wawili, wasafi, wachangamfu, wanaojua kulia.

*

Katika kitongoji cha Lisongo aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Sikudhani Matora, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, mwenye sauti ndogo na mikono isiyotulia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Chausiku, wa miaka minane. Baba yake Chausiku alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, chini ya kifusi cha machimbo. Alikuwa amekufa kweli, kwa juhudi zake mwenyewe, bila msaada wowote wa serikali.

Asubuhi moja mtendaji wa kata, Bwana Fungameza, alisimama mlangoni pake na mkoba kwapani.

"Dada Sikudhani, hongera."

"Hongera ya nini, mtendaji?"

"Mwanao ameteuliwa. Unajua wenzako wanahangaika? Wana watoto wenye wazazi wawili, mpaka waandikiwe vifo viwili. Wewe mwanao tayari ni yatima nusu. Kazi uliyobakiwa nayo ni ndogo mno."

Sikudhani aliacha kukanyaga cherehani. "Kazi gani?"

"Kufa. Kwenye karatasi tu. Hata homa huumwi. Wiki mbili mtoto analala kitandani peke yake, anakula nyama kila siku, anarudi na viatu. Wewe unafufuliwa ofisini kwangu, tunaendelea na maisha."

"Na mzazi asiyetaka?"

Bwana Fungameza alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake zake na shida zake. "Asiyetaka anaandikwa mzuia maendeleo. Mtoto wake hapati nafasi darasa la tatu. Na wewe hapo cherehani yako, nimeambiwa, itahitaji leseni mpya. Dada yangu, mimi natumwa tu."

Mama akamwita mtoto, akamweleza. Chausiku alisikiliza huku akinyonya kidole.

"Nyama kila siku?" aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Na wewe utakuwa unakula nini?"

"Mimi si nitakuwa nimekufa? Sitasikia njaa."

Wakacheka, wote wawili, wakacheka mpaka Chausiku akashika tumbo. Kicheko hicho Sikudhani alikuja kukikumbuka sana baadaye, na hakuwahi kujisamehe.

Alitia dole gumba kwenye fomu. Bwana Fungameza akapekua mkoba, akisema anatafuta mhuri wenye maneno MAREHEMU WA MUDA. Hakuuona. Akatoa mwingine, akaupulizia pumzi ya moto, akaugonga.

"Huu si ule uliousema," alisema Sikudhani, aliyejua kusoma kidogo.

"Wino ni uleule," alisema mtendaji.

*

Siku ya kumi na tano Sikudhani aliamka mapema, akapiga pasi gauni la Chausiku la njano, akalikunja ndani ya kanga, akatembea hadi mjini. Kituo kilikuwa na ukuta mrefu uliopakwa rangi ya samawati na kundi la kwanza, na sasa ulikuwa unapakwa ya waridi na kundi la pili. Juu ya lango paliandikwa: KITUO CHA MACHOZI YAMEKAUKA.

Alipokewa na mkurugenzi mwenyewe, Bi. Ludovika, mwanamke mnene mwenye sauti tamu ya kwaya. Alifungua daftari, akatafuta jina kwa kidole, uso ukaingiwa na huzuni.

"Chausiku. Maskini! Pole sana, dada."

"Pole ya nini tena?"

"Ya msiba. Naona hapa mama wa mtoto huyu ni marehemu wa kudumu."

"Mama yake ni mimi."

"Ndiyo, nimeona. Ndiyo maana nakupa pole."

Sikudhani aliinama akatazama lile daftari. Jina lake lilikuwa pale, na mbele yake mhuri mweusi wa Bwana Fungameza: MAREHEMU WA KUDUMU. Akasema kosa ni la mhuri. Akasema mtendaji anamjua, Lisongo nzima inamjua. Akauleta mkono wake juu ya meza, kiganja juu, ushikwe.

Bi. Ludovika aliushika. Aliushika kwa upole kabisa. "Una joto," alikiri. "Mimi ni mzazi pia, na nakuona umesimama mbele yangu. Lakini kituo hiki hakiwezi kumkabidhi mtoto kwa maiti. Hebu fikiria, wafadhili watatuelewaje? Nenda kwa Msajili, akufute kifo, halafu uje. Ni jambo la siku moja."

Alipokuwa akisindikizwa nje, Sikudhani alisikia sauti anayoijua. Akakimbilia uzio wa pembeni, akachungulia. Uwanjani wageni walikuwa wamekaa chini kwa duara, na katikati alisimama Chausiku, viatu vipya miguuni, mikono nyuma. Alikuwa akisimulia hadithi iliyotungwa wizarani: jinsi mama yake alivyokufa njiani akitoka kisimani, ndoo kichwani, na jinsi neno lake la mwisho lilivyokuwa "asanteni". Kisha akalia. Watoto wenzake iliwabidi wafiche kipande cha kitunguu mkononi. Chausiku hakuhitaji kitunguu. Alilia mpaka wageni wakaangua vilio, na mpiga picha akashindwa kushika kamera.

Wageni walidhani analilia kifo cha mama yake. Sikudhani alikijua kilio kile. Ndicho alicholia siku ya kwanza ya shule, kilio cha kutaka kurudi nyumbani.

*

Msajili wa Vizazi, Vifo na Mengineyo alikuwa Bwana Hamduni, mtu mkavu aliyependa utaratibu kama wengine wanavyopenda chai.

"Kitambulisho."

Sikudhani akatoa. Bwana Hamduni akakitazama, akakitia ndani ya mtoto wa meza, akafunga na ufunguo.

"Hiki ni mali ya marehemu. Kukitumia ni kosa. Safari hii nimekusamehe. Shida yako?"

"Nimeandikwa nimekufa, baba. Nataka nifutwe."

"Maombi ya kufuta kifo huletwa na ndugu wa karibu wa marehemu."

"Ndugu yangu wa karibu ni mwanangu."

"Alete yeye."

"Yuko kituoni. Wamekataa kumtoa kwa sababu mimi nimekufa."

Bwana Hamduni alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi mambo yamekaa sawa. Sioni mkanganyiko wowote."

Alimwomba. Akamlilia. Mwisho Bwana Hamduni, ambaye moyoni alikuwa na huruma ila hakuwa na fomu yake, akamwelekeza kwa daktari wa serikali apate cheti cha uhai. Daktari alimpima kutwa nzima, akamgonga magoti, akamwambia akohoe, kisha akaandika: *Mapigo ya moyo yapo. Chanzo chake hakijathibitishwa.* Bwana Hamduni akakipokea cheti kile, akasema kitapelekwa Kamati ya Wafu, nayo hukaa kila baada ya siku tisini.

Siku tisini! Kundi la pili la wageni likaondoka, likaja la tatu. Chausiku hakurudishwa, maana sifa zake zilikuwa zimekwishavuka bahari. Makundi yaliandika barua mapema yakiomba "yule msichana anayelia". Sikudhani alikwenda kwa Bwana Hamduni mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alikuta kiti cha wageni kimeondolewa.

Lisongo nako mambo yaliharibika. Wateja waliacha kuleta nguo, maana nani anataka sare ya mwanawe ishonwe na mtu wa namna ile? Chama cha akina mama kilimfuta kwenye orodha. Walimpenda, lakini katiba yao ilisema mwanachama akifa anafutwa. Kisha, kwa agizo la kata, wakamfanyia arobaini. Walipika pilau, wakatandika mikeka mbele ya nyumba yake, wakamsifu kwamba alikuwa mtu wa watu. Sikudhani alikaa mkeka wa mwisho karibu na majivu. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake. Alikula pilau ya arobaini yake mwenyewe, na akaomba aongezwe.

*

Na kundi la sita alikuja binti mmoja aitwaye Klarisa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, nywele za rangi ya mkonge, na pua iliyobabuka kwa jua. Huyu hakuwa na unafiki hata chembe. Alipenda watoto, aliwaosha miguu, aliwafunga vidonda, na usiku wake wa pili tu nchini alimpigia mama yake simu akilia kwamba amepata mdogo wake, jina lake Chausiku.

Sikudhani alimwona kwenye uzio, amempakata Chausiku anamsuka nywele, anazisuka vibaya. Akajua kwamba hapa ndipo pa kufa na kupona. Akangoja mpaka mtoto alipoitwa ndani kula, akaita, "Dada! Dada mgeni!"

Klarisa alikuja mbio, akatabasamu. Hakujua neno la Kineemani zaidi ya "asante" na "maji". Bi. Ludovika, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wa kituo, alikuja nyuma yake akitweta.

"Mwambie mimi ndiye mama yake Chausiku," alisema Sikudhani, vidole vyake ndani ya matundu ya waya. "Mwambie sikufa."

Bi. Ludovika akatafsiri: "Anasema yeye ni jirani wa marehemu. Anasema mama yake Chausiku hatakufa mioyoni mwetu."

Klarisa akaweka mkono kifuani.

"Mwambie walinidanganya. Walisema wiki mbili. Mwambie namtaka mwanangu, simtaki mtu mwingine wala kitu kingine."

"Anasema wiki mbili zenu zimekuwa baraka. Anasema mtoto ni wako sasa, hana mtu mwingine."

Klarisa alipiga magoti palepale vumbini, akavishika vile vidole vilivyotokeza kwenye waya, akavibusu, machozi yakimtiririka. Sikudhani alipoona machozi yale moyo ulimruka kwa furaha. Ameelewa! Kumbe mtu wa mbali ndiye ameelewa! Naye akalia, akacheka, akasema, "Asante, mwanangu, asante!" Na neno hilo, kwa bahati mbaya, Klarisa alilijua.

Klarisa alipoondoka, Bi. Ludovika alibaki akijifuta jasho.

"Amesema nini?" aliuliza Sikudhani. "Atanirudishia lini?"

"Dada, furahi tu. Jumamosi Chausiku anapanda ndege. Wazazi wa yule binti wamekubali kumchukua, atakaa kwao moja kwa moja. Karatasi zimetoka leo."

Sikudhani aliusogelea waya. "Zimechukua siku ngapi?"

"Ziliombwa saa mbili asubuhi, zikatoka saa nne. Tumewaomba radhi kwa kuchelewa."

Hapo Sikudhani alilala chini kifudifudi, akapitisha mkono chini ya uzio, akaukamata mguu wa mkurugenzi. Alimwambia, "Bi. Ludovika, nawe umezaa. Nawe umezaa, Bi. Ludovika." Hakuwa na maneno mengine. Aliyarudia hayohayo mpaka sauti ikamkauka.

Bi. Ludovika alitokwa na chozi, na lilikuwa chozi la kweli. "Usinifanyie hivyo, dada," alisema akiuchomoa mguu taratibu. "Utanikosesha raha ya chakula."

*

Ijumaa Klarisa alitoa ombi moja la mwisho. Alitaka Chausiku, kabla ya safari, akaage kaburi la mama yake.

Wizara ilishtuka, kwa kuwa katika mipango yote hiyo hakuna aliyekumbuka kaburi. Lakini Neemani ikiamua jambo la mgeni huwa haishindwi. Kufikia asubuhi ya Jumamosi kaburi lilikuwa tayari pembeni mwa mashamba ya Lisongo, limejengewa kwa vigae vya bafuni, na jiwe lake limeandikwa: SIKUDHANI MATORA. ALIKUFA KWA AJILI YA MAENDELEO. Walipungua waombolezaji tu. Bwana Fungameza aliagizwa apate thelathini kabla ya saa tatu, kila mmoja apewe kilo ya sukari.

Sikudhani alisimama kwenye foleni na wenzake, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Alipofika mezani Bwana Fungameza hakuinua kichwa.

"Jina?"

"Mimi, mtendaji."

Bwana Fungameza aliinua kichwa. Akatazama barabarani. Alikuwa na watu ishirini na tisa, na vumbi la magari ya wageni lilikuwa limeanza kuonekana.

"Uhusiano na marehemu?"

"Namfahamu vizuri."

"Dada Sikudhani," alisema kwa sauti ya chini, "utalia lakini? Usije ukaniangusha mbele za watu."

"Nitalia, mtendaji."

Akamwandika, akamsimamisha mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto.

Wageni wakashuka wakiwa wamevaa fulana nyeupe. Chausiku alitangulia na shada la maua, gauni jipya limemzidi mabega. Alikuwa amenenepa mashavu. Sikudhani aliliona hilo kwanza, kwamba kweli walimlisha, na likamuuma kuliko mengine yote.

Bi. Ludovika naye akawa amemwona Sikudhani. Rangi ikamtoka. Aliinama haraka sikioni kwa mtoto, lakini sauti yake ya kwaya haikuwa ya kunong'ona. "Unamfahamu yule wa tatu?"

Chausiku alimtazama mama yake usoni, macho kwa macho.

"Hapana, Bi. Mkubwa," alisema. "Simjui."

Sikudhani aliona giza mchana kweupe. Wanawake wenzake walikuwa wamekwishaanza kulia kwa sauti, kila mmoja na sukari yake, naye hakuweza hata kutoa sauti. Alisimama tu kama mti uliopigwa radi. Alijiambia: basi, nimekufa. Kamati ikae au isikae, nimekufa.

Klarisa, kwa ule moyo wake, alimwona mwanamke huyo asiyelia, akaona ndiye mwenye uchungu kuliko wote. Akamsukuma Chausiku kwa upole aende akamkumbatie. Kamera zikainuliwa. Bi. Ludovika akanyoosha mkono kuzuia, akakumbuka kamera, akaugeuza mkono kuwa wa kupunga.

Mtoto akaja, akazungusha mikono shingoni mwa mama yake, na mdomo wake ukagusa sikio lililofunikwa na kanga.

"Mama, usiseme kitu," alinong'ona. "Wakijua uko hai watakufunga miaka saba kwa kudanganya wageni. Bi. Ludovika aliniambia. Mimi nawaambia kila siku umekufa. Nalia sana, Mama, ili waamini."

Sikudhani alimwinua. Alimkaza mwanawe mpaka mifupa ikaumana, na safari hii sauti ikamtoka, ndefu, ya kutoka tumboni, hata waombolezaji wengine wakanyamaza kwa aibu ya vilio vyao.

"Tuombe," alisema kiongozi wa wageni, mzee mrefu aitwaye Gotifridi.

Hapo sina budi kumweleza msomaji kifungu cha nane cha Waraka Namba Kumi na Tisa. Kifungu hicho kinasema kwamba wageni wakiomba, kila mtumishi wa serikali aliyepo atafumba macho na kuinamisha kichwa mpaka waseme amina, kwa kuwa picha moja iliwahi kusambaa ikimwonyesha ofisa wa itifaki anaangalia saa. Na Mzee Gotifridi alikuwa mwombaji wa kweli. Sala zake zilianzia siku nchi na mbingu zilipoumbwa, na hazikuruka kitu.

Sikudhani alifungua macho. Akaona vichwa vimeinama vyote: wageni, maofisa, Bi. Ludovika, askari wawili wenye bunduki. Hakuwa amepanga lolote. Alikuja ili amwone tu. Akamshusha mtoto, akaweka kidole mdomoni, akamshika mkono. Wakapiga hatua ya kwanza, ya pili.

Jicho moja la Bwana Fungameza likafunguka.

Likamwona Sikudhani, likamwona mtoto, likaona mahindi marefu yanayoanza hatua ishirini kutoka pale. Sikudhani akasimama, roho mkononi. Bwana Fungameza alimtazama kwa lile jicho moja, mdomo ukimcheza kama mtu anayetaka kusema. Kisha akalifumba tena, akalikaza mpaka shavu likakunjamana.

Sala ilikuwa imefika kwenye gharika walipoingia ndani ya mahindi. Hapo wakavua viatu vipya vya Chausiku, wakavitupa, wakakimbia.

*

Amina iliposemwa na macho kufunguliwa, mtoto hakuwapo, wala mwombolezaji wa tatu kutoka kushoto. Kulikuwa na shada la maua tu juu ya vigae. Wageni walitazamana. Mmoja akasema kwa kutetemeka kwamba mama amekuja kumchukua mwanawe. Wakaanguka chini wote, wakaimba.

Wizara ilikaa kikao cha dharura cha siku tatu. Kumtafuta mtoto kungemaanisha kutangaza kwamba ameibwa. Kutangaza ameibwa kungemaanisha kumtaja mwizi. Na mwizi alikuwa marehemu, kwa mhuri wa serikali yenyewe. Mheshimiwa Waziri akatoa hotuba fupi, ya saa moja tu, kuthibitisha kwamba Neemani ni nchi ya pekee duniani ambako akina mama hawawasahau watoto wao hata baada ya kufa. Chausiku akagongewa mhuri, wa kudumu. Likachimbwa kaburi la pili, dogo, kando ya lile la kwanza. Klarisa alililia wiki nzima, akarudi kwao amekonda. Mwaka uliofuata makundi ya wageni yaliongezeka kutoka arobaini hadi sitini, na vikajengwa vyoo karibu na makaburi.

Sikudhani na mwanawe walitembea siku tano. Walikula mahindi mabichi na mihogo ya kuchimba kwa vidole. Chausiku aliota malengelenge nyayoni, mama akambeba, mama akaishiwa nguvu, wakakaa, wakaendelea. Njiani mtoto hakuongea sana. Wakikutana na mtu yeyote, hata mchunga mbuzi, alikuwa anauachia mkono wa mama yake na kusogea pembeni kidogo, kama mtu anayepita na njia zake.

Siku ya tano, jua la mchana likiwa kali, walivuka mto kwa miguu na kutokea kwenye kibanda cha uhamiaji cha nchi jirani. Ndani alikaa askari mmoja wa kike, amekunja mikono ya shati, anakula karanga. Aliwatazama wale wawili, matope mpaka magotini, akasukuma kando karanga zake, akavuta daftari.

"Karibuni, kaeni," alisema. "Mbona mmechoka hivi?" Kisha akamwinamia mtoto, akauliza kwa sauti ya upole, kwa vile swali lilikuwa la kwanza kwenye fomu yake, "Wewe mrembo, huyu ni mama yako?"

Chausiku alinyooka. Akaweka mikono nyuma. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akageuka kutazama na mlangoni. Hakukuwa na mtu. Akamvuta mama yake kanga.

"Mama," alinong'ona, "hapa tunasema umekufa au uko hai?"

Sikudhani akafungua mdomo. Kabla hajajibu, alimtazama yule askari usoni, ajue kwanza ni jibu gani linalotakiwa.